Julius Rosenwald: Tajiri Aliyekataa Kujenga Peke Yake

Kila aliyewahi kukaa katika kamati ya ujenzi, iwe ya kanisa, ya shule au ya zahanati, anajua kwamba kuna shida mbili. Shida ya kwanza ni kukosa mfadhili. Shida ya pili ni kumpata. Mfadhili akileta fedha zote mwenyewe, watu hukaa wakamwangalia, na siku bati linapovuja humngojea yeye arudi kuliziba. Akileta nusu na kudai nusu nyingine itoke kwa wenyeji, wapo watakaouliza kwa nini maskini abanwe na tajiri.

Ndugu wasomaji, leo tunawaletea habari za maisha ya mtu aliyelifikiria jambo hili kuliko matajiri wengi wa wakati wake. Alikuwa mfanyabiashara wa Marekani, Myahudi kwa dini, na jina lake ni Julius Rosenwald. Amekwisha kufariki miaka mingi, lakini yapo makanisa na vijiji vya watu weusi kusini mwa Marekani ambako wazee bado wanalitaja jina lake wanapoeleza walisoma wapi.

Kuzaliwa na ujana wake

Julius Rosenwald alizaliwa tarehe 12 Agosti 1862 katika mji wa Springfield, jimbo la Illinois. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakipigana wao kwa wao, katika vita vile vilivyokomesha utumwa nchini mwao. Julius alikulia karibu sana na nyumba aliyokuwa akikaa Abraham Lincoln kabla hajawa Rais.

Baba yake, Samuel, alihamia Marekani kutoka Ujerumani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa uchuuzi, akizunguka na bidhaa kutoka mji hata mji. Baadaye alioa katika familia ya wauza nguo, akapewa duka la kusimamia, na hivyo Julius akakua akiijua biashara ya nguo tangu utotoni. Hakumaliza masomo ya sekondari. Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi alipelekwa New York kwa wajomba zake ajifunze kazi. Alipopata ujuzi akafungua duka lake mwenyewe, na mwaka 1885 akahamia Chicago kushona na kuuza suti za wanaume kwa jumla. Mwaka 1890 alimwoa Augusta Nusbaum, wakajaliwa watoto watano.

Mpaka alipofikia miaka 30 hakuwa mtu wa kutajwa. Alikuwa mwenye duka kama wenye maduka wengine.

Kampuni ya Sears

Katika miaka hiyo alikuwapo kijana mmoja, Richard Sears, aliyekuwa na kipaji cha ajabu cha kuandika matangazo. Alianza kuuza saa kwa njia ya posta mwaka 1886, kisha akaongeza bidhaa nyingine. Wateja wake wengi walikuwa wakulima waliokaa mbali na miji. Mkulima alipelekewa kitabu kikubwa chenye picha na bei za bidhaa, akachagua, akatuma fedha, na mzigo ukamfikia kwa gari moshi. Kwa hiyo hakulazimika tena kununua kwa bei yoyote aliyopanga mwenye duka wa kijijini.

Sears alikuwa mteja wa suti za Rosenwald. Aliziuza kwa wingi, tena nyingine alizitangaza kabla hajazipata. Mwaka 1895 kampuni yake ilihitaji fedha. Rosenwald na shemeji yake, Aaron Nusbaum, wakanunua nusu ya kampuni kwa dola 75,000. Baada ya miaka michache Nusbaum alitoka, na mwaka 1908 Sears naye akajiuzulu. Rosenwald akawa rais wa kampuni ya Sears, Roebuck mpaka mwaka 1924, kisha akawa mwenyekiti wake mpaka alipofariki.

Sears alijua kumvuta mteja. Rosenwald alijua kumtunza. Alishughulikia mambo yasiyosifiwa sana: kupanga ghala, kupeleka mizigo kwa wakati, na kuhakikisha maneno ya kitabu yanalingana na kitu kilichomo ndani ya sanduku. Mteja ambaye hakuridhika alirudishiwa fedha zake. Mwaka 1906 kampuni ilifungua majengo yake makubwa upande wa magharibi wa Chicago, na mwaka huohuo hisa zake zikauzwa kwa umma. Hapo ndipo Rosenwald alipokuwa tajiri mkubwa.

Mwaka 1916 alianzisha mpango wa kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida, ili anayestaafu awe na akiba. Mwaka 1921, bei za bidhaa zilipoanguka baada ya vita na kampuni ikawa karibu kufilisika, alitoa mali yake mwenyewe ya kiasi cha dola milioni 20 kuiokoa. Na mwaka 1929, soko la hisa lilipoporomoka, aliwadhamini wafanyakazi wake waliokuwa wamenunua hisa kwa mkopo, wasije wakapoteza kila kitu.

Raia wa Chicago

Mwalimu wake katika mambo ya dini alikuwa Rabi Emil Hirsch wa Chicago, aliyefundisha kwamba mwenye mali ana deni kwa jirani yake. Rosenwald hakuichukua sadaka kuwa jambo la kuandika hundi tu. Alikaa katika halmashauri ya Hull House, nyumba aliyoianzisha Jane Addams kwa ajili ya wahamiaji maskini, na katika baraza la Chuo Kikuu cha Chicago. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Washington kusaidia serikali katika ununuzi wa mahitaji ya jeshi.

Tayari katika miaka hiyo ilionekana desturi yake ya kutoa. Mwaka 1912 alitangaza kwamba atatoa dola 1,000 kwa kila wilaya itakayoajiri bwana shamba wa kuwafundisha wakulima, lakini wilaya yenyewe ilipe kiasi kilichobaki. Kabla ya hapo alikuwa ameahidi dola 25,000 kwa mji wowote utakaochanga dola 75,000 ili kujenga nyumba ya Y.M.C.A. kwa watu weusi, ambao wakati ule hawakuruhusiwa kulala katika hoteli nyingi. Miji zaidi ya 20 iliitikia.

Kukutana na Booker Washington

Mwaka 1910 rafiki yake mmoja alimpa kitabu cha maisha ya Booker T. Washington. Washington alizaliwa mtumwa huko Virginia, na alipokua akaanzisha chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama. Watu hao wawili wakakutana Chicago mwaka 1911, na katika mwaka huohuo Rosenwald akasafiri na jamaa zake mpaka Tuskegee. Mwaka uliofuata akaingia katika baraza la chuo hicho.

Hali ya shule za watoto weusi kusini mwa Marekani ilikuwa mbaya mno. Sheria ziliwatenga weusi na wazungu, na fedha za kodi zilipogawanywa, mtoto mzungu alipata mara kadhaa zaidi ya mtoto mweusi. Katika vijiji vingi watoto weusi hawakuwa na jengo la shule. Walisomea kanisani au katika kibanda kilichopitisha upepo, kwa miezi michache tu kwa mwaka, kisha wakarudi kuchuma pamba.

Tarehe 12 Agosti 1912 Rosenwald alitimiza miaka 50. Aliisherehekea siku hiyo kwa kugawa karibu dola 700,000, na Tuskegee ikapata 25,000. Washington alipozitumia, zikabaki dola 2,800. Akamwandikia Rosenwald kuomba ruhusa ya kuzitumia kujenga shule ndogo sita vijijini, karibu na Tuskegee. Rosenwald akakubali, kwa sharti kwamba wanakijiji nao watoe.

Shule ya kwanza ilijengwa Loachapoka, Alabama, mwaka 1913. Iligharimu dola 942 na senti kidogo. Rosenwald alitoa 300. Watu weusi wa hapo walichanga 150 za kununulia kiwanja, wakafanya kazi ya mikono yenye thamani ya dola 132 na nusu. Zilizobaki zilitoka kwa wazungu wa mahali hapo.

Masharti ya fedha zake

Washington alifariki mwaka 1915, lakini kazi haikusimama. Mwaka 1917 Rosenwald aliunda mfuko wenye jina lake, na tangu mwaka 1920 ofisi ya kusimamia shule hizo ikawa Nashville.

Masharti yalikuwa wazi. Mfuko ulitoa sehemu tu ya gharama. Wenyeji weusi walitoa fedha, mbao, kiwanja au nguvu zao. Serikali ya wilaya nayo ilitakiwa kuchangia, na jengo likiisha lilikabidhiwa kwake, liwe shule ya umma yenye walimu wanaolipwa kwa kodi. Ramani zilitolewa bure. Zile za mwanzo zilitoka Tuskegee, kwa mkono wa Robert Taylor, msanifu majengo mweusi. Madirisha yalikuwa makubwa, nayo yalielekezwa mashariki na magharibi ili mwanga wa jua uingie vizuri, kwa maana vijijini hapakuwa na umeme.

Maskini alizipata wapi fedha? Wengine walitenga kipande cha shamba la pamba, mavuno yake yakawa ya shule. Akina mama waliuza kuku na mayai, wakapika vyakula vya kuuza jioni. Mara nyingi kanisa ndilo lililotoa kiwanja na mahali pa kukutania. Wazee wa kanisa waliandika majina ya waliotoa na ya walioahidi, kama tunavyoandika sisi.

Huko Boligee, Alabama, watu walikusanyika kuchangia shule wakati ambapo mavuno yalikuwa mabaya na fedha ni shida. Akasimama mzee mmoja aliyezaliwa utumwani. Akatoa mfuko mkuukuu uliochakaa, akaumwaga mezani. Ndani mlikuwa na akiba yake yote ya maisha, dola 38. Yeye mwenyewe hakuwa na umri wa kusoma tena. Alitoa kwa ajili ya watoto.

Ilipofika mwaka 1932 yalikuwa yamejengwa majengo 5,357 katika majimbo 15. Kati ya hayo, shule zilikuwa 4,977. Nyingine zilikuwa nyumba za walimu na karakana. Gharama yote ilikuwa kiasi cha dola milioni 28. Serikali zilitoa karibu milioni 18. Mfuko wa Rosenwald ulitoa milioni 4.3. Na watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima wasio na ardhi yao, walitoa milioni 4.7.

Tafadhali, msomaji, zisome tena hesabu hizo mbili za mwisho. Shule zilipewa jina la tajiri, lakini maskini walitoa zaidi yake.

Jambo lenye uchungu

Si vema kumsifu mtu kwa kuficha upande mmoja. Sharti la kuchangia lilikuwa na heshima ndani yake, kwa kuwa liliwahesabu wanakijiji kuwa washirika, si waombaji. Lakini lilikuwa na uchungu pia. Watu weusi walikuwa wamekwisha kulipa kodi kama raia wengine, na kodi hiyo ikajenga shule za wengine. Sasa walitakiwa kulipa mara ya pili ili wapate ile shule waliyostahili tangu mwanzo. Tena walipomaliza kuijenga, waliikabidhi kwa serikali ileile iliyowanyima, ambayo haikuwaruhusu hata kupiga kura.

Wapo waliolaumu pia kwamba Rosenwald alijenga ndani ya utaratibu wa ubaguzi bila kuubomoa. Lawama hiyo ina ukweli. Shule zilikuwa za watu weusi peke yao, na mpaka mwisho zilipata fungu dogo la fedha za serikali. Yeye aliona kwamba mtoto aliye hai leo hawezi kungojea sheria ibadilike ndipo afundishwe kusoma. Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba shule za kubagua ni kinyume cha katiba mwaka 1954. Mtoto aliyeanza shule Loachapoka mwaka 1913 angekuwa amepita miaka 45.

Hata katika kampuni yake hakuwa bila lawama. Mwaka 1913 kamati ya baraza la jimbo la Illinois ilimwita, pamoja na waajiri wengine, ieleze mishahara midogo ya wasichana wa kazi ilikuwa inawasukuma wapi. Rosenwald alikana kwamba mshahara mdogo ndio unaompeleka msichana katika maisha mabaya. Wengi hawakuridhika na jibu hilo. Mtu aweza kuwa na mkono mpana kwa walio mbali, na bado akawa na la kujibu kwa walio karibu.

Matunda ya kazi

Kufikia mwaka 1928 karibu theluthi moja ya watoto weusi wa vijijini kusini mwa Marekani walisoma katika shule hizo. Mmoja wa waliopita humo ni mwandishi Maya Angelou, katika mji wa Stamps, Arkansas. Mwingine ni John Lewis wa Alabama, ambaye baadaye aliongoza maandamano ya kudai haki ya kupiga kura na kuwa mbunge. Inafaa kukumbuka hilo tunapopima lawama ile ya ubaguzi. Baadhi ya waliosaidia kuubomoa ubaguzi walijifunza kusoma chini ya madirisha yale makubwa.

Habari hizi zinatugusa na sisi wa Afrika Mashariki. Katika vijiji vile wapo walimu wasimamizi walioitwa walimu wa Jeanes, kwa jina la mama mmoja wa Philadelphia aliyeacha fedha za kuwaajiri. Walizunguka shuleni wakiwasaidia walimu, na wao ndio mara nyingi waliowaamsha wazazi kuchangia shule za Rosenwald. Mwaka 1924 ujumbe wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ulitembelea Afrika Mashariki, naye Dakta James Aggrey wa Pwani ya Dhahabu alikuwamo. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, ili kufundisha walimu wa namna hiyo kwa shule za vijijini.

Mfuko uliopangiwa kufa

Matajiri wengi wakitoa mali hutaka idumu milele pamoja na majina yao. Rosenwald alipinga jambo hilo maisha yake yote. Aliamini kwamba kila kizazi kina shida zake na watu wake wa kuzitatua, na kwamba fedha zilizofungwa kwa mapenzi ya marehemu huishia kuwalinda wanaozitunza. Kwa hiyo mwaka 1928 aliagiza kwamba mfuko wake utumike wote, mtaji na faida, kabla haijapita miaka 25 tangu kufa kwake. Jumba kubwa la sayansi na viwanda alilolisaidia Chicago kwa mamilioni ya dola, lililofunguliwa mwaka 1933, hakutaka liitwe kwa jina lake.

Mkewe Augusta alifariki mwaka 1929. Julius Rosenwald mwenyewe alifariki nyumbani kwake karibu na Chicago tarehe 6 Januari 1932, akiwa na umri wa miaka 69. Kwa jumla alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 60. Mfuko wake uliendelea kuwasaidia wanafunzi, waandishi na wanasayansi weusi, kisha mwaka 1948 ukamaliza fedha zake zote na kufungwa, miaka mingi kabla ya muda aliouweka.

Baada ya mwaka 1954 shule nyingi zilifungwa, majengo yakaachwa yakaanguka. Yaliyobaki ni mia kadhaa tu. Mengine yametengenezwa upya, nayo yanatumika kuwa kumbi za mikutano na nyumba za kumbukumbu. Mara nyingi waliochanga fedha za kuyatengeneza ni wale waliosoma humo, pamoja na watoto na wajukuu wao.

Kwa hiyo, ndugu, siku kamati zetu zitakapoketi na mfadhili, yapo mambo ya kuuliza kutokana na maisha haya. Tumuulize anatutaka tutoe nini, maana anayetuachia nafasi ya kutoa ametuheshimu. Tujiulize pia kama tunalipia mara ya pili kitu ambacho ni haki yetu, na kama ndivyo, nani wa kuambiwa hivyo. Na daftari la michango litunzwe vizuri. Jina la mfadhili litaandikwa ukutani hata tusipokumbuka, lakini jina la mzee wa dola 38 halikuandikwa popote.